Fokasi Imeshika Nyasi

Lango kuu la Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, kando ya Barabara ya Lang'ata, hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na siku ya Jumamosi foleni huanza kabla ya hapo. Vani za watalii zenye paa la kuinuliwa hutangulia, madereva wake wamesimama nje wakipiga soga. Nyuma yao hujipanga wenyeji: Prado, Subaru, na Probox nyeupe ambayo siku za kazi hubeba vipuri vya simu. Ukichungulia ndani ya magari haya ya nyuma huoni watoto wala makapu ya mandari. Unaona mikoba myeusi yenye zipu nyingi, lenzi zenye urefu wa mkono, na vimfuko vya kitambaa vilivyoshonwa na mafundi wa mtaani vikajazwa maharagwe. Kimfuko huwekwa juu ya kioo cha mlango kilichoteremshwa nusu, lenzi ikalazwa juu yake ikatulia. Mmoja wao, Mwalimu, hutumia ndengu. Anasema ndengu ni ndogo, zinajipanga vyema chini ya lenzi, na mvua ikiharibu safari hapati hasara: anazipika.

Hawa si wapiga picha wa riziki. Hakuna gazeti linalowangojea wala bwana harusi aliyewalipa. Mwalimu alifundisha hisabati katika shule ya upili mpaka akastaafu. Dokta anang'oa meno siku tano za wiki. Mhasibu ndiye mwenye kamera mpya kuliko wote, na wenzake hawaachi kumkumbusha. Mzee alikuwa fundi wa ndege katika uwanja wa Wilson, ambao uko karibu kiasi kwamba ukiwa ndani ya mbuga ndege zake ndogo hukupitia kichwani asubuhi nzima. Na kijana, mdogo wao kwa miaka mingi, hutengeneza simu Luthuli Avenue. Probox ni ya kaka yake, na kamera aliinunua mkononi kwa mteja aliyekuwa akihama.

Mbuga yenyewe ilitangazwa mwaka 1946, ya kwanza nchini Kenya, na ina kilomita za mraba 117 tu. Pande tatu zimezungushiwa ua. Upande wa kusini mpaka wake ni Mto Mbagathi, na wanyama huuvuka kwenda na kurudi katika tambarare za Kitengela. Udogo huo na ukaribu wa mji ndio unaowafaa watu wa wikendi. Mtu anaweza kumpiga picha kifaru asubuhi na kufika kwenye harambee ya jirani mchana, suti ikiwa imening'inizwa nyuma ya kiti.

Mwezi wa Februari jua la Nairobi huchomoza ikikaribia saa moja kasoro robo. Kwa hiyo lango linapofunguliwa bado kuna kiza, na dakika hizo za mwanzo ndizo zinazozaa malalamiko ya kwanza. Barabara ya kutoka langoni hupita kandokando ya msitu, na asubuhi niliyokuwa nao, nyati dume alikuwa amesimama mita chache kutoka barabarani akicheua, mweusi juu ya vichaka vyeusi. Mhasibu alielekeza kamera. Lenzi ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda mbele tena.

"Inatafutatafuta," alinong'ona. "Kamera ya bei hii!"

Kamera haijui nyati ni nini kwa maana tunayojua sisi. Inachotafuta ni mahali ambapo weusi unakutana na weupe, ukingo wowote ulio wazi. Nuru inayopita upande mmoja wa lenzi inalinganishwa na inayopita upande wa pili. Zikipishana, tofauti yake huiambia kamera isogeze lenzi upande gani na kiasi gani. Penye giza, juu ya ubavu wa nyati usio na alama, hakuna cha kulinganisha. Kamera zinazotumia njia ile nyingine, ya kusogeza lenzi huku zikipima wapi picha inakuwa kali zaidi, nazo hupotea vilevile.

"Mpige kwenye pembe," Mwalimu alisema kutoka kiti cha nyuma. "Pale pembe inapokata anga."

Mhasibu akainua kisanduku kidogo cha kioo chake mpaka kwenye mkunjo wa pembe, penye utepe mwembamba wa anga la kijivu. Kamera ikashika papo hapo. Nyati hakushughulika. Aliendelea kucheua, na picha ikatoka na jicho kali na tone la umande juu ya pua.

Jambo jingine linalowasumbua alfajiri ni gari lenyewe. Dokta ana desturi ya kuteremsha vioo vyote mara tu akilipita lango, abiria watetemeke wasitetemeke. Hewa ya ndani ikiwa na joto na ya nje ikiwa baridi, hizo mbili hukutana dirishani, pale pale lenzi inapotokezea, na nuru hupinda kabla haijaifikia kamera. Picha hutoka laini kila mahali, na mtu asiyejua ataenda kununua lenzi nyingine. Injini nayo huzimwa, kwa sababu ya mtetemo. Hivyo ndivyo tulivyokaa, vioo chini, injini kimya, makoti yamefungwa hadi kidevuni, tukingoja jua kwenye bwawa la Hyena.

Bwawa hilo si kubwa, lakini ndilo darasa lao. Kuna mdiria mmoja, yule wa rangi nyeusi na nyeupe, ambaye mara nyingi hasubiri samaki akiwa tawini. Husimama hewani juu ya maji, mabawa yakipiga kasi, kichwa kikiwa kimetulia kabisa, kisha hujitupa chini. Akiwa amesimama hewani mpiga picha ana sekunde chache, na nyuma ya ndege kuna ukuta wa matete uliojaa mistari iliyosimama wima. Kamera huyapenda matete. Kijana alimfuata mdiria huyo mara kwa mara, na kila mara kioo kilimwonyesha matete makali kama kuta za mkeka na mbele yake doa la kijivu lenye mabawa.

Dokta alimwonyesha swichi ndogo ubavuni mwa lenzi, ambayo wengi hawaigusi tangu siku ya kuinunua. Inaipa fokasi mpaka: isihangaike kutafuta vitu vya karibu, ianzie mita kadhaa na kuendelea. Lenzi yenye mpaka haipotezi muda kwenda mbele kabisa na kurudi. Ikikosa, inakosa kwa muda mfupi. Kisha akamfundisha kuanza na ndege angali mbali juu ya maji matupu, ambako hakuna cha kuidanganya kamera, ikamshika kabla hajafika penye matete. Kijana alijaribu. Hakumpata mdiria, lakini alimpata korongo aliyepita, mguu mmoja umekunjwa, na akaachia cheko lililowashtua bata.

Saa moja na nusu simu zikaanza. Madereva wa mbuga hii wanajuana, na habari ya simba haimalizi dakika kumi kabla haijafika kila gari. Tulimkuta jike amelala kwenye nyasi kavu za rangi ya mwili wake, umbali ambao ungeweza kumsikia akihema. Vani saba au nane zilikuwa zimekwisha kujipanga. Nyasi zilifika juu ya masikio yake, na kila upepo ulipovuma mabua yalipita mbele ya uso wake yakayumba yakarudi.

Hapa ndipo maneno yaliyonipa kichwa cha makala haya hutamkwa kila wikendi. "Imeshika nyasi." Ukiyasikia mara ya kwanza unadhani ni lawama kwa kamera isiyo na akili, na kwa kiasi fulani ni kweli. Bua la nyasi lililo karibu, lenye mwanga wa jua ubavuni, lina ukingo ulio wazi kuliko uso wa simba uliojificha nyuma yake. Kamera ikiachiwa kuchagua, mara nyingi huchagua kilicho karibu na kilicho wazi. Ndiyo maana wazoefu huipokonya uchaguzi: wanaipa nukta moja tu ya fokasi, ndogo, na wanaipenyeza wenyewe katikati ya mabua. Wengine wameondoa kazi ya fokasi kwenye kitufe cha kupigia picha wakaihamishia kwenye kitufe cha nyuma, karibu na kidole gumba. Wakishampata simba, wanakiachia kidole gumba. Bua lipite, lirudi, lenzi haisogei.

Lakini hata ukilishinda bua kuna hesabu nyingine inayokungoja. Dokta ana lenzi inayofika milimita 600, inayofunguka hadi f/6.3 tu kwa urefu huo, kwenye kamera yenye sensa ya ukubwa kamili. Simba akiwa mita 20, unene wa sehemu itakayotoka kali ni kama sentimita 40. Akisogea mpaka mita 10, unabaki sentimita 10 tu. Kwa kuwa hushika meno ya watu siku zote, Dokta aliona maana yake haraka kuliko sisi: kwenye uso wa simba, sentimita 10 haitoshi kutoka ncha ya pua hadi jichoni. Ukipata pua umekosa jicho. Haiwezekani kusema "nilimlenga simba" ukawa umesema kitu.

Jike akainua kichwa, akapiga mwayo, akatutazama bila hamu. Kamera zote zikalia kwa pamoja. Kisha akalala tena, na nyasi zikamfunika.

Kutoka hapo tulishika njia ya kusini, kule daraja la reli ya SGR linapoikata mbuga. Ni daraja refu, kilomita 6 na ushee, nguzo baada ya nguzo, na treni za Naivasha zimekuwa zikipita juu yake tangu mwaka 2019. Wakati wa ujenzi watu wengi wa mazingira walilipinga. Twiga siku hizi hupita chini yake kwa utulivu, na wapiga picha, ambao nao walinung'unika, sasa hulitafuta. Mhasibu alitaka treni. Aliweka nukta juu ya boriti ndefu ya daraja, na kamera yake mpya, ileile iliyomshika swala akikimbia bila kukosea, ikaanza tena kwenda mbele na kurudi nyuma.

"Igeuze," Mzee alimwambia. "Ilaze kidogo."

Akaiinamisha kamera upande, boriti ikawa mshazari kiooni, na fokasi ikashika. Akainyoosha, akapiga. Sababu ni kwamba kamera nyingi za kisasa zisizo na kioo cha ndani hupimia fokasi juu ya sensa yenyewe, na nukta zake huona vyema mistari iliyosimama kuliko iliyolala. Boriti iliyonyooka sambamba na upeo haizipi chochote. Nyingi za kamera zilizotangulia, zenye kioo cha ndani, zilikuwa na angalau nukta ya katikati inayoona mistari ya pande zote mbili. Mhasibu alilisikia hilo kwa uso wa mtu aliyeambiwa nyumba yake mpya haina choo.

Ilipokaribia saa nne asubuhi hapakuwa na haja ya mtu kusema twende. Tambarare ilikuwa imeanza kucheza. Pundamilia waliokuwa mbali walionekana wanaelea bila miguu, na mbuni mmoja alikuwa amekatika shingo, kipande cha juu kikiyumba peke yake. Ardhi ikipata moto, hewa iliyo karibu nayo hupanda kwa matabaka yenye joto tofauti, na kila tabaka huipinda nuru kwa njia yake. Fokasi inajaribu kushika picha ambayo yenyewe haitulii. Hakuna kamera inayotibu hilo. Dawa ni kuwa karibu zaidi, au kuwa umeamka mapema.

Mahali pa mapumziko ni uwanja wa kuchomea pembe za ndovu, mojawapo ya sehemu chache ambapo mgeni anaruhusiwa kushuka garini. Rais Moi aliwasha moto hapa Julai 1989 kwenye tani 12 za pembe, na picha ya moto ule ikaizunguka dunia. Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta akawasha mwingine, wa tani 105. Kuna bango, kuna marundo ya majivu, na kuna meza za kulia chini ya miti. Wapiga picha wa Jumamosi hufika wakiwa na vumbi nyusini, wanatoa chupa za chai, mahamri na viazi vitamu vilivyochemshwa, kisha wanafungua kompyuta ya Mhasibu juu ya boneti ya Prado na kufunika kichwa na kompyuta kwa shuka ili waone kioo.

Hapo ndipo shughuli yenyewe huanza. Picha moja moja hupita, wanne au watano wakibanana chini ya shuka. Nimesikiliza mazungumzo yao kwa muda sasa, na sijasikia hata mara moja mtu akiambiwa picha yake mbaya. Anaambiwa fokasi imekimbilia nyuma. Anaambiwa fokasi imeshika sikio. Twiga aliyekatwa miguu na ukingo wa picha, kifaru aliyepigwa mgongoni akienda zake, tai aliye mdogo kuliko doa la vumbi, wote husamehewa kwa sentensi moja: "Nzuri sana, ni fokasi tu." Watu hawa watarudi kukaa gari moja wiki ijayo. Kamera haina mama wa kutukaniwa, na lawama ikielekezwa kwake kila mtu anakunywa chai yake kwa amani.

Na kila mmoja ana kisa chake cha kuilaumu. Cha Mhasibu siku hiyo kilikuwa cha kifaru. Kamera yake ni ya kizazi kinachotambua macho ya wanyama. Uwezo huo ulianza kufika kwenye kamera za Sony mwaka 2019, kwanza kwa mbwa na paka, na mwaka uliofuata Canon ikaongeza ndege. Kwa simba hana malalamiko. Uso wa simba ni uso wa paka, na kisanduku huruka jichoni kabla yeye mwenyewe hajaliona. Kifaru ndiye aliyemshinda. Jicho lake ni dogo, limezama kwenye makunyanzi, na juu ya shingo yake alikuwa amekaa shashi, yule ndege anayeokota kupe. Kamera ikaliacha jicho la kifaru ikachukua la shashi. Picha kumi na tano za mfululizo, zote za ndege mkali kama sindano aliyekaa juu ya kilima cha ukungu chenye pembe.

"Kwani si ndege mzuri?" Dokta aliuliza.

"Sikuja kwa ajili ya ndege!"

Mzee kisa chake ni cha sauti. Lenzi yake ni Minolta ya milimita 70 hadi 210, ya miaka ya themanini, na haina mota ndani. Mota iko kwenye kamera, inazungusha parafujo inayoingia nyuma ya lenzi, na kila inapofanya kazi hutoa mkwaruzo ambao swala huusikia na kuinua masikio. Mtindo huo uliletwa na Minolta 7000 mwaka 1985, kamera iliyoweka mfumo mzima wa fokasi otomatiki ndani ya mwili wake ikauzwa duniani kote, washindani wakabaki wakikimbizana nayo. Sifa hizo ziligharimu. Kampuni ya Marekani ya Honeywell ilishtaki ikidai ugunduzi wake umetumiwa, na mwaka 1992 Minolta ikalipa zaidi ya dola milioni 127. Biashara yake ya kamera ilikuja kukabidhiwa Sony mwaka 2006, na ndiyo sababu lenzi hiyo ya zamani bado inaingia kwenye kamera ya Sony aliyo nayo Mzee, bila kifaa cha kuunganishia. Wenzake wamemshauri mara nyingi abadilishe. Yeye anasema mkwaruzo unamfaa: unamwambia kama lenzi imefika au bado inahangaika. Alitibu injini za ndege kwa sikio kwa miaka mingi, na chombo kisicho na sauti hakimpi imani.

Zamu ya kijana ikafika. Alikuwa na yule jike akipiga mwayo, kutoka kwenye Probox iliyokuwa karibu kuliko magari yetu yote, kama mita 10. Taya limefunguka, meno ya juu yana mwanga, mabua yamejipanga pande mbili. Ilikuwa ndiyo picha ya asubuhi, ila kwamba uso mzima ulikuwa umefifia.

"Nzuri sana," Dokta akasema. "Ni fokasi tu."

"Ni fokasi tu," Mhasibu akaitikia.

Kijana akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuizoea rambirambi. Ni Mwalimu aliyemzuia asiipitishe picha. Alikuwa na swali ambalo nadhani lilitoka darasani, la mtu aliyezoea kumwambia mwanafunzi aonyeshe njia aliyopitia badala ya jibu.

"Ulitaka iwe wapi?"

"Kwa simba, Mwalimu."

"Simba ni mkubwa. Wapi?"

Kijana akafikiri. "Jicho la kushoto. Nukta niliiweka pale, moja tu, nikaachia kidole gumba. Nina hakika."

Mwalimu akamwambia abonyeze kitufe kinachoonyesha nukta ilipokuwa wakati wa kupiga. Kisanduku chekundu kikatokea, na kweli, kilikuwa kimelala juu ya jicho la kushoto. Wakakuza picha. Jicho lilikuwa ukungu. Bua lililokuwa mbele ya jicho nalo lilikuwa ukungu. Kisha wakasogea nyuma, kupita sikio, mpaka begani, na pale begani kila unywele ulihesabika, na kupe mmoja, na kovu.

Kukawa na kimya chini ya shuka. Wakarudi kwenye picha ya kabla yake, na ya kabla yake. Swala: nukta kifuani, ukali kwenye paja. Korongo wa bwawani: ukali kwenye tete lililokuwa nyuma ya mkia. Picha zote zilikuwa zimekosea upande mmoja.

Mzee akatoka chini ya shuka akaenda kwenye gari lake akarudi na futikamba. Akailaza juu ya boneti, ikaelekea mbali na kamera, akaweka kisanduku cha njiti za kiberiti kwenye alama ya 30 ili nukta ipate ukingo wa kushika. Kijana akarudi hatua chache nyuma, akaegemeza lenzi yake ya milimita 300 juu ya ndengu za Mwalimu, akalenga kiberiti, akapiga. Wakakuza. Maandishi ya kiberiti yalikuwa yamefifia. Tarakimu zilizosomeka vizuri zilianzia kwenye 32 na kidogo hadi 34.

Kamera ya kijana ni ya aina ile yenye kioo cha ndani. Katika kamera hizo, fokasi haipimwi kwenye sensa inayochukua picha. Sehemu ya nuru hupenya kioo kikubwa, hupigwa chini na kioo kidogo kilicho nyuma yake, ikaangukia sensa nyingine iliyoko sakafuni mwa kamera. Njia hizo mbili zikitofautiana hata kwa upana wa unywele, kamera huamini imeshika kumbe picha inatoka nyuma au mbele. Watengenezaji wanalijua hilo, na tangu mwaka 2007 kamera zao za daraja la juu zimekuwa na mahali kwenye menyu pa kusahihishia. Mzee akaifungua menyu hiyo. Kulikuwa na namba: jumlisha nane, kwa lenzi zote. Mwenye kamera wa kwanza aliiweka kwa ajili ya lenzi yake mwenyewe iliyokuwa na kasoro, kisha akaihama nchi na lenzi, na namba akaiacha.

Mzee akairudisha kwenye sifuri. Wakapiga tena. Kiberiti kikasomeka, hata bei.

Hakuna aliyecheka mara moja. Wote walikuwa wamemwambia yule kijana maneno yaleyale kwa miezi, kwa nia njema, kumfichia aibu ambayo hakuwa nayo. Kila mmoja alikuwa amedhani mkono wake unatetemeka, au ana haraka, au lenzi yake ni ya bei rahisi, na kila mmoja akamstiri kwa kusingizia fokasi. Fokasi ndiyo ilikuwa mkosaji wakati wote. Kwa sababu neno hilo lilikwisha kuwa la adabu, hakuna aliyelisikia.

Nilimuuliza Mwalimu baadaye, tukikunja shuka, kwa nini alimuuliza kijana swali lile wakati wengine hulipita. Alisema wengi hawana jibu. Ukimuuliza Mhasibu alitaka iwe wapi atakwambia kamera ilitaka iwe wapi. Mtu asiyejua alikuwa anatafuta nini hawezi kujua kama amenyimwa, na kwa mtu wa namna hiyo kamera yoyote itakuwa na makosa na hakuna kosa litakalopatikana. Kijana alitaja jicho, tena la kushoto. Ndipo ikawezekana kupima.

Mhasibu aliisikia hiyo, akajibu kwamba hata hivyo atanunua lenzi ya f/4. Dokta akamkumbusha kwamba ya milimita 600 ya namna hiyo bei yake inaipita Probox kuukuu. Wakaanza kubishana kuhusu mkopo wa chama.

Wengine walikuwa wanafunga mikoba, maana saa sita jua la mbuga ni la utosi na wanyama wamejilaza vivulini. Kijana peke yake aliwasha gari na kugeuza kuelekea ndani, vioo chini, kimfuko cha ndengu alichoazimwa kikiwa tayari dirishani. Kule tambarare hewa ilikuwa inachemka mpaka upeo wa Kitengela ulikuwa hauna mstari. Nikamuuliza Mzee kama si vizuri amwambie hatapata picha hata moja ya maana saa hizi.

"Mwache aende," Mzee akasema, akikunja futikamba. "Kuanzia leo hana wa kumsingizia, na sisi hatuna la kumwambia."